Theluji ya mwezi wa nne: shairi la Han Yu kuhusu mwisho wa machipuko linasema nini hasa?

Kila ikifika mwezi wa nne kuelekea wa tano kuna video zinaanza kuzunguka kwenye simu za watu: barabara ya Beijing au mji mwingine wa kaskazini mwa China, jua linawaka, watu wamevaa mashati mepesi, halafu hewani vinaelea vitu vyeupe kama theluji, vingine vimejikusanya pembeni mwa barabara kama pamba. Komenti za chini huwa ni zilezile. Mmoja anasema ni mabadiliko ya tabianchi hayo, mwingine anasema hiyo imeeditiwa, wa tatu anasema ni chavua ndio maana Wachina wanavaa barakoa. Halafu anatokea mtu aliyesoma Kichina kidogo, anaweka mistari minne ya shairi la kale lenye theluji ndani yake, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa kabisa, maana ukiliingiza kwenye apu ya kutafsiri linatoka hivi: nyasi na miti zinajua machipuko yatarudi karibuni, maua yanapigana, maua ya mpopla hayana akili. Sasa mtu anauliza, hili nalo ni shairi? Linasifia au linatukana?

Swali zuri tu. Na kabla hujajiona mshamba, ujue kwamba Wachina wenyewe wanabishana kuhusu hilohilo kwa karne kadhaa sasa, na limekuwemo kwenye kitabu cha darasa la saba kule kwao, watoto wanaulizwa kwenye mtihani na walimu hawakubaliani jibu. Kwa hiyo tulifungue taratibu, tuanze na vile vitu vyeupe maana bila kuvijua shairi zima linakupita.

Vile siyo theluji na wala siyo chavua. Ni mbegu. Kuna miti miwili inayohusika, mwerebi (huu wasomaji wa Biblia mnaukumbuka) na mpopla, ni ndugu wa ukoo mmoja. Maua yake yanatoka mapema machipuko yakianza, yananing'inia kama viwavi, hayana rangi ya kuvutia, hakuna mtu atakayeyachuma ampelekee mchumba. Yakishachavushwa, mti wa kike unatoa vijitunda vidogo, joto likipanda na hewa ikikauka vinapasuka, na ndani mna mbegu ndogo sana zimevikwa nyuzi nyeupe laini, upepo ukija unaondoka nazo. Kama umekulia karibu na msufi hapo umeshaelewa, tunda likipasuka mtini sufi inatembea uwanja mzima, inaingia mpaka kwenye chai, ni kitu kilekile isipokuwa wenzetu wanacho mji mzima kwa wakati mmoja. Beijing miti hii ilipandwa kwa wingi sana miaka ya 1960 na 1970 kwa sababu inakua haraka na haina gharama, na leo wanahangaika nayo, wanaichoma sindano ili isizae, na wazima moto wanatoa tahadhari kila mwaka maana sufi iliyokauka inashika moto haraka mno, mtu akitupa kipande cha sigara tu imeshakuwa kesi nyingine.

Na suala la chafya, kwa ufupi: wengi wanaopiga chafya kipindi hicho wanasumbuliwa na chavua ya miti na nyasi zinazochanua wakati huohuo, na chavua huioni kwa macho. Sufi inaonekana, kwa hiyo lawama zote zinaenda kwake. Ishike hiyo, maana kwenye shairi pia sufi ndiyo inayosemwa vibaya.

Kuna mti mwingine kwenye shairi ambao Wachina wanauita yu, kwa majina ya kwetu tungesema elmu. Huu hauna sufi. Mbegu yake imekaa katikati ya kijani chembamba cha mviringo, bapa, kama sarafu, na kweli kule wanaziita pesa za yu. Zikikauka zinapeperuka nazo. Zikiwa bado mbichi watu wa kaskazini wanazichuma, wanazichanganya na unga wanapika kwa mvuke, na miaka ya njaa zimeokoa watu wengi. Hilo halimo kwenye shairi ila binafsi siwezi kulisoma bila kulikumbuka.

Mwisho wa machipuko ni lini

Sisi tuna masika, kipupwe, vuli, kiangazi, hayo machipuko kama majira hatuna, ndio maana wengi tukisikia shairi la machipuko tunawaza maua tu basi. Kwa kalenda ya kale ya China machipuko yana miezi mitatu, ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho. Huo mwezi wa mwisho kwa kalenda yetu unaanzia kama tarehe 4 au 5 Aprili, siku wanapoenda kusafisha makaburi ya wazee wao, unafika tarehe 20 hivi ambapo wanasema ni mvua ya nafaka, na unakwisha tarehe 5 au 6 Mei siku wanayohesabu kiangazi kimeingia. Sasa hebu fikiria mtu aliyekaa miezi na miezi kwenye baridi, kila kitu kikavu, halafu ndani ya wiki chache dunia inalipuka rangi, na kabla hajashiba inaanza kudondoka. Ndio maana washairi wao kipindi hiki wanakuwa na presha. Kina muda wa kuisha unaoujua kabisa.

Na kwa kawaida presha hiyo inatoka kama huzuni. Du Fu, mshairi mkubwa kuliko karibu wote, aliandika kwamba likianguka petali moja tu tayari machipuko yamepungua. Meng Haoran ana lile shairi ambalo kila mtoto wa China analijua, anaamka asubuhi anasikia ndege, anakumbuka usiku kulikuwa na upepo na mvua, anajiuliza maua mangapi yameanguka. Kwa hiyo ukikutana na mtu anakwambia mashairi ya mwisho wa machipuko yote ni kilio cha maua na uzee, usimcheke, ana sababu. Ila amekosea kwa hili la leo, na ndiyo raha yake.

Shairi lenyewe

Mtunzi ni Han Yu, kazaliwa 768 kafa 824, enzi ya Tang ambayo ilidumu kuanzia 618 hadi 907. Kichwa ni Mwisho wa Machipuko, hakuna mbwembwe. Ni moja kati ya mashairi kumi na sita aliyoyatunga kuhusu matembezi ya kusini mwa mji mkuu Chang'an, ambao leo ni Xi'an, na wachambuzi wengi wanaliweka mwaka 816. Kwa matamshi ya Kichina cha leo linasomeka hivi:

Cao shu zhi chun bu jiu gui,
bai ban hong zi dou fang fei.
Yang hua yu jia wu cai si,
wei jie man tian zuo xue fei.

Kwa Kiswahili changu, bila kupamba:

Nyasi na miti zimejua machipuko yanakaribia kurudi kwao,
wekundu na zambarau wa kila namna wanashindana uzuri na harufu.
Sufi ya mierebi na mbegu za yu hazina kipaji cha utunzi,
zinachojua ni kujaa angani tu, zikiruka kama theluji.

Basi, limeisha. Mistari minne, kila mstari silabi saba, jumla 28. Kwa aliyezoea tarbia yetu yenye mishororo minne ya mizani kumi na sita, hii ni chini ya nusu ya ubeti mmoja. Vina vipo, sikiliza mwisho wa mstari wa kwanza, wa pili na wa nne: gui, fei, fei. Wa tatu umeachwa bila kina makusudi, na hiyo siyo bahati mbaya wala uvivu, kwenye aina hii ya shairi mstari wa tatu ndio unaopinda kona. Wa kwanza unafungua, wa pili unaendeleza, wa tatu unageuka ghafla unaelekea usikotegemea, wa nne unafunga. Ukitaka kusoma shairi lolote la mistari minne la enzi ya Tang, hata kwa tafsiri mbovu, nenda kwenye mstari wa tatu uulize kimebadilika nini. Hiyo peke yake inakufikisha mbali kuliko kusoma wasifu wa mtunzi kurasa kumi.

Na jambo jingine dogo, hii siyo haiku. Haiku ni ya Japani, ina silabi 17, na ilikuja karne nyingi baadaye. Mtandaoni kila shairi fupi la Asia Mashariki lenye ua na mlima linaitwa haiku, likikosa mtunzi linaandikwa Confucius, yule mwanafalsafa wa kale wa China. Confucius alikufa zaidi ya miaka elfu moja kabla Han Yu hajazaliwa, hawakukutana jamani.

Tuanze na mstari wa kwanza, ambao apu inauharibu. Inasema machipuko yatarudi, kana kwamba watu wanayasubiri. Siyo hivyo. Kwa Wachina wa kale machipuko ni kama mgeni, anakuja kutoka kwao anakaa halafu anarudi kwao, kwa hiyo kurudi hapa ni kuondoka. Mgeni amefunga mizigo. Na wanaojua kwamba anaondoka ni nani? Siyo mshairi. Ni nyasi na miti. Hapo Han Yu ameshafanya ujanja wake wa kwanza, ameitoa ile presha ya muda kwa binadamu akaipeleka kwa mimea, yeye amesimama pembeni anaangalia tu.

Mimea ikishajua mgeni anaondoka inafanyaje? Mstari wa pili: hailii, inashindana. Kila ua linatoa rangi yake ya mwisho, wekundu, zambarau, harufu. Kitenzi alichotumia, dou, ni cha kugombana kabisa, ni cha majogoo kupigana. Linganisha na Du Fu na petali yake moja. Huyu anasema mwisho ndio wakati wa fujo.

Halafu kona. Mstari wa tatu anawageukia wasiokuwa na rangi wala harufu, sufi ya mierebi na vile visarafu vya yu, anasema hawa hawana kipaji. Na hakusema hawana uzuri, angalia vizuri. Amesema hawana cai si, yaani kile kipaji cha kutunga, akili ya maneno mazuri. Unaanzaje kulaumu mbegu kwamba haijui kutunga? Hapo ndipo unatakiwa ucheke kidogo, au angalau ushtuke. Kwenye mstari wa pili yalikuwa mashindano ya maua, ghafla kwenye wa tatu yamekuwa kama mashindano ya malenga, na kuna washiriki wawili wamekuja hawana hata ubeti.

Na wamefanya nini? Mstari wa nne: wamejaza anga lote, wanaruka kama theluji.

Kwa nini neno kipaji lilikuwa zito kwake

Hapa inabidi tuingie kidogo kwenye maisha ya jamaa, kidogo tu, kwa sababu watu wengi wanaanza na maisha halafu shairi linakuwa kiambatisho. Enzi ya Tang ukitaka ukubwa serikalini, njia ya heshima kuliko zote ilikuwa mtihani, na kwenye huo mtihani kutunga mashairi ilikuwa sehemu yake. Yaani kile kipaji cha maneno ndicho kilichokupa mshahara. Han Yu alikuwa yatima tangu mdogo kabisa, akalelewa na kaka yake na shemeji yake. Mtihani ule mkuu alifeli mara tatu akapita wa nne, mwaka 792. Unadhani ndiyo kazi ikapatikana? Hapana, kulikuwa na mtihani mwingine wa kupangiwa nafasi, huo nao akafanya mara tatu na mara tatu akafeli. Mtu huyohuyo leo ndiye anayehesabiwa kuwa bingwa wa nathari ya Kichina cha kale, aliyeongoza watu kuacha uandishi wa kujipamba kupita kiasi na kurudi kwenye lugha iliyonyooka. Kwa hiyo anapoandika kwamba fulani hana kipaji, anaandika mtu aliyeambiwa hivyo na watahini si mara moja.

Mwaka 816 wenyewe haukuwa mzuri kwake. Kulikuwa na ubishi mkubwa serikalini kuhusu kumpiga au kutompiga mtawala mmoja muasi wa eneo la Huaixi, Han Yu akawa upande wa kupiga, waliopinga wakafanya yao na akashushwa cheo. Mwaka uliofuata upande wake ukashinda hoja, akaenda na jeshi, ila 819 akajiingiza tena matatani kwa kumwandikia mfalme waraka mkali dhidi ya kuabudu mfupa wa Buddha, akapelekwa uhamishoni Chaozhou huko kusini kabisa, nusura auawe. Ndiyo aina ya mtu tunayemzungumzia, hajui kunyamaza.

Ila hapa kuna mtego. Mtu akishajua kwamba mwaka huo Han Yu alishushwa cheo, anaamua palepale kwamba shairi ni fumbo la siasa, maua ni watu wa ikulu, sufi ni wajinga wanaopeperuka na upepo wowote. Huu ndio uzushi mkubwa kuliko wote kuhusu ushairi wa China, kwamba kila ua ni waziri na kila mawingu ni mfalme. Mashairi ya namna hiyo yapo, tena mengi, Wachina wana mazoea ya kale ya kusema siasa kwa mimea. Lakini huwezi kulivisha kila shairi fumbo hilo kwa sababu tu tarehe zinakaribiana. Kwenye mistari yenyewe hakuna kitu kinachokulazimisha uende ikulu, alikuwa kwenye matembezi nje ya mji.

Wanaobishana wanabishana nini

Kambi ya kwanza inasema ni kejeli. Sufi na mbegu ni mfano wa watu wasiosoma, wakati wenzao wanatoa rangi wao wanaelea tu, kwa hiyo mwanafunzi soma usije ukawa sufi. Hili ndilo jibu wanalopenda walimu wengi na linaeleweka kwa nini wanalipenda.

Kambi ya pili inasema kinyume, ni sifa. Sufi haina rangi, haina harufu, inajua haina, na bado haikujificha, imetoka na hicho kidogo ilichonacho kabla mgeni hajaondoka. Kwa hiyo mwanafunzi hata kama kipaji chako ni kidogo toka ufanye. Hili nalo linapendwa, hasa siku hizi za kutiana moyo mitandaoni.

Wapo pia wanaosema maua ya rangi ni waandishi wa kujipamba na sufi ni Han Yu mwenyewe na lugha yake isiyo na marashi. Inapendeza masikioni ila naona imeenda mbali mno.

Na kuna mhakiki wa enzi ya Qing, karne nyingi baada ya Tang, Zhu Yizun, yeye ninampenda kuliko wote. Alipofika hapa aliandika kwa ufupi kwamba hili lina maana gani sasa? Halafu akaongeza kwamba lakini mandhari ndivyo yalivyo kweli. Msomi mkubwa kabisa, anakiri fumbo limemshinda na palepale anakiri picha imemkaa.

Sasa kuna kitu kimoja ambacho ukikijua unaona kambi mbili za kwanza zote zimekosa utamu wenyewe. Karne ya 4, miaka kama mia nne kabla ya Han Yu, kulikuwa na familia kubwa ya ukoo wa Xie. Siku moja theluji ikawa inaanguka, mzee wa nyumba, Xie An, akawauliza watoto, theluji hii inafanana na nini? Mvulana mmoja akasema ni kama chumvi imerushwa hewani. Binti mmoja, Xie Daoyun, akasema afadhali tuifananishe na sufi ya mierebi inayopaa na upepo. Mzee akacheka kwa furaha. Hadithi ile ikawa maarufu kiasi kwamba mpaka leo mwanamke mwenye kipaji cha uandishi wanamsifia kwa kusema ana kipaji cha kuimba sufi. Yaani kwenye fasihi ya China sufi ya mwerebi na theluji na kipaji ni vitu vitatu vilivyofungwa kamba moja, kila msomi wa enzi ya Tang alikuwa anajua hilo kama sisi tunavyojua sungura ni mjanja.

Rudi sasa kwenye mstari wa tatu na wa nne. Han Yu amechukua vitu vilevile vitatu akavigeuza ndani nje. Sufi, ile iliyompatia Xie Daoyun sifa ya kipaji milele, anaiambia wewe huna kipaji. Inachojua ni kuwa theluji tu. Hicho "tu" ndicho kinachonichekesha, maana kuwa theluji ndicho hasa kilichoifanya sufi iwe maarufu. Msomaji wake wa wakati ule angetabasamu hapohapo bila kuelezwa. Sisi tunahitaji aya nzima, ndiyo bei ya kuchelewa miaka 1200.

Kwa hiyo mimi nipo upande wa utani. Simaanishi kwamba shairi halina uzito, nasema sauti yake ni ya mtu anayemchokoza anayempenda. Na ushahidi mkubwa kuliko hata hadithi ya Xie uko kwenye mgawanyo wa mistari. Maua yanayoshindana yamepewa mstari mmoja, tena wa jumla jumla, wekundu na zambarau wa kila namna, hakuna hata ua moja lililotajwa jina. Wasio na kipaji wametajwa kwa majina, wamepewa mistari miwili mizima, na ile picha kubwa kuliko zote kwenye shairi, anga lote jeupe, ni ya kwao. Ukifunga macho baada ya kusoma unaona nini? Huoni maua, unaona theluji. Mtu anayekejeli kwa dhati hampi anayemkejeli mstari wa mwisho na mbingu nzima.

Tena Han Yu kwa utani alikuwa anajulikana. Aliwahi kuandika wasifu wa brashi ya kuandikia, wasifu kabisa kama wa afisa wa serikali, ukoo wake, utumishi wake, alivyozeeka na kunyonyoka nywele mfalme akamwacha. Watu wa wakati wake walilalamika kwamba mtu mzito kama yeye anaandikaje upuuzi, rafiki yake Zhang Ji alishamkosoa kwa kupenda mizaha, na Liu Zongyuan, mwandishi mwenzake mkubwa, ndiye aliyeandika kuitetea ile brashi. Halafu sisi tunakuja karne ya 21 tunataka kila mstari wake uwe mawaidha.

Atakayepinga atasema, mbona ana shairi lingine lenye kichwa hichohicho ambalo ni la huzuni? Ni kweli lipo. Linaanza kwa kuuliza ni nani aliyekusanya rangi za machipuko akaondoka nazo, na humo mbegu za yu zinaifuata sufi zikizurura kwenye bustani tupu. Miti ileile, mbegu zilezile, mudi tofauti kabisa. Ila mimi naona hilo linanisaidia badala ya kuniumiza, linaonyesha kwamba kwake hivi vitu havikuwa alama zenye maana moja ya kudumu kama taa za barabarani, kwamba sufi ni mjinga popote uikutapo. Leo inachekesha, kesho inaliza, inategemea katoka nyumbani akiwa vipi.

Na usije ukadhani mwisho wa machipuko ndio aliupenda kuliko yote. Mwaka 823, mwaka mmoja kabla hajafa, alimwandikia huyohuyo Zhang Ji shairi kuhusu mwanzo wa machipuko, mvua nyepesi kwenye barabara ya ikulu laini kama siagi, majani mapya ambayo ukiyatazama kwa mbali unaona kijani ukisogea karibu hakuna kitu. Akamaliza kwa kusema huo ndio wakati bora wa mwaka mzima, unaushinda kabisa ule ambao mierebi imejaa mji wote. Kwa hiyo akiulizwa apige kura, sufi yake hii ingepata nafasi ya pili.

Sasa kwa mnaojifunza Kichina, na mpo wengi siku hizi, tangu Taasisi ya Confucius ifunguliwe Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005, ya kwanza Afrika, na nyingine zikafuata huku kwetu: ukikutana na hili shairi darasani na swali likasema eleza maana ya mstari wa tatu, andika kambi ya kwanza na ya pili zote, maana marks ziko hapo. Hadithi ya Xie Daoyun iweke kwenye sentensi moja. Zhu Yizun mwache, mwalimu anaweza kudhani ni wewe umeshindwa kujibu.